Chokaa Kwenye Jiwe Kofia

Jumapili, 10 Agosti 2025

Nimemkosea mkamwana wangu, Boke, mwalimu, mke wa mwanangu Mseti. Haya. Limeandikwa.

Sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika. Kwetu baba mkwe hamwendei mke wa mwanawe akamwambia nisamehe. Hata ndani kwao haingii. Wanakaa Nyakato, hapa hapa Musoma, nyumba naijua kwa nje tu, sijui kiti chao kimeelekea wapi. Tukikutana njiani yeye anapisha, anainamisha kichwa, shikamoo Baba, na mimi naitikia nikiangalia nguzo ya umeme. Heshima. Nimeishi nayo vizuri hiyo heshima. Juzi nimeitumia kama kichaka cha kujifichia.

Nilichofanya ni hiki. Alhamisi nilichukua brashi ya chuma nikakwangua alama za wanafunzi wake kwenye Jiwe Kofia. Zote. Nikapaka chokaa juu. Halafu nikamwambia mwenyekiti wa kamati yetu ya utalii kwamba watoto wa shule ya Boke wanachafua kivutio.

Leo kanisani tumeimba, nimeimba bezi. Sauti nzuri kabisa. Mnafiki hakosagi sauti.

Jumatatu, 11 Agosti

Wageni wawili tu leo. Wamepiga picha wakaondoka.

Hili jiwe! Kila mtu Musoma analijua. Jiwe kubwa, miguu imeingia ziwani, na juu yake jingine limekaa upande kama kofia ya mlevi. Liko kwenye fulana. Liko kwenye kalenda. Kuna baa imelichora ukutani, baa yenyewe haina hata dirisha. Watu wanatoka Bunda, wanatoka Mwanza, wanafika hapa, wanaligeuzia mgongo, wanapiga selfi. Ukiwauliza kesho lina rangi gani hawajui.

Na mimi ndiye kiongozi wao. Benjamini Machage, darasa la saba, kofia ya kamati, fimbo ya kuonyeshea. Nawaambiaga: kofia hii iliwekwa na jitu. Urefu wake mita hamsini. Ule mstari mweupe mnaouona ni maziwa waliyomwaga wazee miaka na miaka. Na mtu mwongo akiligusa, kofia inatikisika.

Mimi naligusa kila siku. Halijatikisika.

Basi tangu Januari Boke akawa analeta darasa lake la nne. Mara moja kwa mwezi, foleni ya soksi zimeshuka. Na mjukuu wangu Gati, mtoto wa Boke mwenyewe, yumo. Mimi nakaa kwenye stuli nyuma ya kibanda cha soda ili nisiwe mbele ya mkwe. Lakini masikio hayana adabu. Nilisikia kila somo.

Jumatano, 13 Agosti

Niandike alichokuwa anafundisha, maana nilikuwa nakidharau na bado nakikumbuka neno kwa neno. Hotuba za Florian, mwenyekiti wa kamati, sizikumbuki hata moja.

Aliwaambia watoto kuna mnara Ufaransa, wa chuma, mrefu kupita vyote enzi zake. Walioujenga walipewa miaka ishirini tu, baadaye ubomolewe. Watu wengine walisema bora, mbaya huo. Ila wataalamu wakapanda juu wakaanza kupima upepo, joto, mvua. Wakaangusha vitu kutoka juu waone hewa inavyovizuia. Wakafunga nyaya, wakatuma habari za redio mpaka mbali. Muda wa kubomoa ulipofika, nani abomoe kitu chenye kazi? Akawauliza watoto: ulipona kwa uzuri au ulipona kwa kazi? Wakajibu wote, kazi! Mimi nyuma ya kibanda nikasonya. Nikasema moyoni, kwani hapa Ufaransa?

Halafu akawageuza kwenye jiwe letu. Hili nalo lina kazi gani? Watoto wakasema kukalia. Kupiga picha. Mmoja akasema kukojolea nyuma yake, wakacheka mpaka mwalimu akacheka.

Akawafundisha. Moja, jiwe halisogei, kwa hiyo ni rula. Ziwa linapanda na kushuka, macho hayaoni kwa sababu yanaliona kila siku, lakini ukiweka alama kwenye kitu kisichosogea utaona. Kila mwezi wakawa wanapiga mstari mwekundu mahali maji yalipofika, rangi ya mafuta, mtu mmoja anashika kopo wengine wanagombania brashi. Mvua za masika mistari ikapanda. Juni ikaanza kurudi chini. Saba walipiga, mpaka Julai. Akawaeleza: anayejua ziwa linatembeaje anajua ajenge wapi, alime wapi, avutie mtumbwi wapi.

Jingine, mwangwi. Aliwapanga mbali, wakapiga kofi, jiwe likarudisha. Sauti inasafiri, akasema, na kusafiri kunachukua muda, ndiyo maana mnasikia mara mbili. Jingine, yale madoa ya kijani na ya chungwa juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nayaita uchafu. Kumbe ni viumbe! Vinakua taratibu kuliko kucha, na hewa ikiwa chafu vingi vinakufa. Kwa hiyo vikiwepo hivi vingi ni kama cheti cha hewa. Jingine, jiwe linabambuka ngozi kama kitunguu kwa sababu mchana linapata moto na usiku linapoa, na ule unga unaoanguka, subiri miaka mingi, ndiyo shamba la bibi yako kule Bugwema.

Na ule mstari mweupe ulio juu? Akawaambia ni maji. Mwaka 2020 ziwa lilifika pale.

Sasa hapa ndipo nijicheke. Mwaka huo mimi mwenyewe nilihamisha kibanda! Maji yalikuwa magotini, nimebeba kreti kichwani, nimeyakanyaga maji yaliyouacha ule mstari kwa miguu yangu. Nilijua. Na bado nikawaambia watu ni maziwa ya wazee.

Jumamosi, 16 Agosti

Kwa nini nilifanya. Niandike, nisipambe.

Jumanne ile ya tarehe tano nilikuwa na kundi la wageni kutoka Mwanza, watu wa ofisi, miwani myeusi. Darasa la Boke nalo lilikuwepo, wamekuja kuangalia tu. Nimefika kwenye maziwa ya wazee, nanyoosha fimbo, na Gati anasema kwa adabu kabisa, mikono nyuma: "Babu, siyo maziwa. Ni maji yalifikaga hapo."

Wageni wakacheka. Mmoja akamuuliza na ile mistari myekundu je? Mtoto akaanza kueleza. Akawazungusha jiwe zima. Kundi langu lote likamfuata mtoto wa darasa la nne, na mimi nikabaki nimeshika mwavuli wa mama mmoja.

Boke? Alikuwa amesimama mbali, ameinama, kama anavyoinamaga. Nikaona kama anacheka. Sijui kama alicheka. Niliamua alicheka.

Ningekuwa na ugomvi na mwanamume ningemfuata tukamalizana. Mkwe humfuati. Basi nikakaa nayo hasira siku mbili, ikachacha kama togwa.

Ndipo Alhamisi Florian, mwenyekiti wetu, akaja anahema. Mgeni mkubwa anapita Ijumaa akitoka kwenye Nane Nane! Hapa kwetu mgeni mkubwa akija kinachofuata ni chokaa. Mawe ya njiani, chokaa. Shina la mti, chokaa. Mbuzi akisimama vibaya naye anapata. Sijawahi kumsikia mgeni hata mmoja akisema asanteni kwa chokaa, lakini bila chokaa sisi tunajiona tuko uchi. Florian akasema paka mawe ya njia tu, kutoka geti mpaka kibandani. Mawe ya njia tu, alisema hivyo.

Nikapaka ya njia. Ndoo ikabaki nusu. Nikaangalia ile mistari saba. Nikachukua brashi ya chuma.

Rangi ya mafuta haitoki kirahisi. Nilitoka jasho. Mtu anayeteleza hatoki jasho kiasi kile. Chokaa nikaitia chumvi ishike. Nilipomaliza Jiwe Kofia lilikuwa limevaa soksi nyeupe. Limekaa hivyo mpaka leo, kituko.

Mgeni mwenyewe? Hakuja. Alituma mwakilishi. Mwakilishi hakushuka kwenye gari. Alishusha kioo, akasema pazuri, akapewa soda, akapandisha kioo. Chokaa yote ile, kwa hicho kioo!

Florian aliponiuliza mbona umepaka na jiwe, nikatafuta jibu la karibu. Watoto wa shule wanalichora chora, nikasema, nilikuwa naficha aibu. Akashika kichwa. Kivutio cha mkoa! Jumatatu barua ikaenda shuleni.

Nilidhani itaishia droo ya mtu. Barua zetu nyingi zinaishiaga huko.

Jumapili, 17 Agosti

Mke wangu Matrida ametoka kanisani na habari, kaipata kwa Mseti.

Mwalimu mkuu alimwita Boke. Akamwambia tumeaibishwa. Boke akajibu watoto hawakuchora, walipima, na alikuwa na ruhusa ya mdomo ya mkuu mwenyewe. Mkuu akaenda hadi kwenye jiwe kuangalia. Akakuta chokaa. Akauliza ziko wapi alama? Hakuna. Basi walichora chora tu, na hizo namba za watoto kwenye madaftari zimetoka wapi? Umewatungia.

Tarehe 30 ni maonyesho ya sayansi ya shule za msingi kule Butiama. Darasa la Boke ndilo lilikuwa liende, na mambo ya Jiwe Kofia: rula, kivuli cha kupimia urefu, mwangwi, vyote. Wamefutwa. Inaenda volkano ya udongo ya darasa la sita, ukiweka magadi na siki inatapika povu.

Na watoto wameadhibiwa. Wanachota maji ziwani kumwagilia bustani ya shule, asubuhi na jioni, kwa kuchafua kivutio.

Nimekula nikamaliza sahani. Matrida akasema una hamu leo.

Jumatatu, 18 Agosti

Gati amepita mbele ya kibanda na ndoo. Shikamoo babu. Marahaba. Maji yanamwagikia soksi. Akahamishia ndoo mkono mwingine.

Siandiki zaidi leo.

Jumanne, 19 Agosti

Nimejaribu njia ya mwoga. Mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, nilipata sato wakubwa, watatu, wanarusharusha mkia. Nikampa Matrida apeleke Nyakato. Sema ni Baba ametuma, nikasema, basi, usiongeze.

Jioni akarudi na hotpoti. Boke amewapika, wa nazi, na mkubwa kupita wote amenirudishia mimi. Amesema asante sana Baba, umetukumbuka kipindi kigumu.

Samaki mtamu. Nimemla kama dawa ya mende.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeenda Guta, Bunda, kwa kaka yangu Mugeta. Yeye ndiye mkubwa wetu, na ndiye alisimamia mahari ya Boke. Nimemkuta anang'oa mihogo. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kung'oa.

Nikamaliza. Akachomeka jembe.

"Huyo tulimleta kwa ng'ombe, Benjamini. Ng'ombe walitembea kwa miguu yao mpaka kwao, watu wanaangalia. Leo ukampigie magoti?"

"Sijasema magoti, kaka."

"Msamaha una magoti. Hata ukisimama, una magoti."

Nikamwambia watoto wanachota maji. Akasema yeye alichota maji mpaka akaoa, amekufa? Nikamwambia Boke anaitwa mwongo. Akasema mwalimu kuitwa mwongo ni sehemu ya mshahara. Halafu akacheka peke yake. Akanishauri nimtume Matrida aseme ilikuwa bahati mbaya, giza lilikuwa limeingia, sikuona.

Mchana kweupe! Jua la Alhamisi ile ningeweza kukaangia dagaa juu ya jiwe.

Nilikula ugali wake nikaondoka. Njia nzima nikawa namdharau. Mtu mzima, mkristo, mvi kichwani, anasema upuuzi ule. Nimefika karibu na nyumbani ndiyo nikajua kwa nini namchukia vile. Nauli yote ya Guta nililipa ili mtu aniambie kile kile.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo hakukuwa na mgeni mpaka mchana. Nikafanya kitu cha kitoto. Nikachomeka fimbo yangu ya kuonyeshea kwenye mchanga, wima. Boke aliwaambia: subirini kivuli cha fimbo kilingane na fimbo yenyewe. Wakati huo kila kitu kilichosimama kina kivuli sawa na urefu wake, hata jiwe, hata mwalimu, hata wewe. Pimeni kivuli cha jiwe chini, mtajua urefu wake bila kupanda.

Nikasubiri. Jua likashuka shuka. Kivuli kikalingana. Nikapima kivuli cha kofia kwa hatua, na cha fimbo, nikarudia kwa sababu sikuamini.

Mita kumi na sita. Labda na nusu.

Miaka yote hii mita hamsini! Nimewaambia wabunge. Nimewaambia wazungu wakaandika. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho akasema, hebu kwanza. Na mimi nilikuwa na fimbo mkononi muda wote.

Nikiwa bado nimechuchumaa pale nikasikia shikamoo Baba. Boke. Peke yake, bila watoto, kitenge kifuani. Nikasimama haraka, nikageukia ziwani. Marahaba. Yeye akasimama mbali kama desturi, akanipa mgongo, akaliangalia jiwe.

Nilidhani amekuja kuchukua hotpoti.

Akaanza kuongea. Siyo na mimi. Na jiwe.

"Jiwe, wewe ulikuwepo. Watoto walipiga alama kwako, ama nilizitunga?"

Mawimbi madogo. Mimi nikaingia kibandani nikafungua soda ambayo hakuna aliyeiomba.

"Kama nilizitunga niambie. Nikaandike hivyo, watoto wapumzike."

Alisubiri. Alisubiri muda mrefu, soda ikaacha kutoa povu. Nilikuwa na jibu mdomoni, najua lina maneno mangapi, matatu. Nilimwona hadi mwisho wa kitenge chake kinavyocheza na upepo. Nikalimeza lile jibu na soda.

"Haya. Jiwe halisemagi."

Akaniaga kwa heshima, ubaki salama Baba, akaenda zake.

Anajua. Ama hajui. Nimekaa mpaka kuchwa nikijaribu kuchagua kipi kinaniumiza kidogo.

Jumapili, 24 Agosti

Mahubiri ya mtoza ushuru aliyejipiga kifua. Na mimi nikajipiga kidogo, taratibu, shati lisichafuke.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemwambia Matrida. Asubuhi, anachambua mchele. Nilisema haraka kama mtu anayetoa mwiba.

Aliendelea kuchambua, anatupa chuya pembeni, moja, moja.

"Baba Mseti, lile jiwe linapima maji, linapima hewa, linarudisha sauti. Wewe unarudisha nini?"

Nikasema ni desturi, mkwe haombwi. Akasema desturi inasema pia baba mkwe asimguse mke wa mwanawe. Wewe umemgusa pabaya kupita mkono. Umemgusa kazi yake. Nikasema basi wewe nenda ukamwambie. Akaniangalia mara ya kwanza tangu tuanze. Akasema, mimi sikubeba brashi.

Nikaenda kwa Florian. Nilidhani nikianzia kwa mwenyekiti itakuwa rahisi, tutafuta ile barua kimya kimya. Alinisikiliza akicheka, anachezea kalamu. Kwani tatizo liko wapi mzee Machage? Jiwe limependeza. Mwakilishi alisema pazuri. Tukiandika sasa kwamba kamati imedanganya shule, nani ataonekana mjinga? Siyo wewe, wewe ni wa kuonyesha njia tu. Ni mimi. Akaniambia, tena kwa upole, nikienda kusema hayo shuleni nikatafute jiwe lingine la kuongoza watu.

Mawe Musoma yapo mengi. Kazi ndiyo moja.

Nimemdharau Florian sana leo. Ila yeye alinituma nipake njia. Njia ilipakwa vizuri.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika haraka. Mseti yuko uani kwenye pikipiki, hajazima. Nimemwambia naingia ndani kuchukua kitu.

Amekuja kutoka kazini moja kwa moja. Mwanangu siyo mtu wa maneno. Amesema mwalimu mkuu amempa Boke mpaka kesho. Aandike barua kwa kamati: kwamba aliruhusu watoto kuchora kivutio, kwamba vipimo havikuwa vya kweli, anaomba radhi. Akiandika, adhabu ya watoto inaisha na jina lake halipelekwi wilayani. Asipoandika, linaenda. Majina ya wanaokwenda Butiama yanafungwa kesho hiyo hiyo.

Boke amekubali. Ameshaandika, Mseti anasema, kabakiza kusaini. Siyo kwa sababu ni kweli. Ni kwa sababu Gati amepata malengelenge mikononi na anaficha.

Nikauliza, mimi nahusikaje?

Akasema Florian ameelekeza barua ipokelewe na mtu wa kamati aliye karibu na familia, jambo liishe kiutu uzima. Yaani mimi. Kesho Boke aje kibandani, anikabidhi mikono miwili, mimi nitie sahihi kwamba kamati imepokea msamaha wake.

Kwamba mimi nimepokea msamaha wake!

Mseti akasema, Baba, wewe ulikuwa pale kila mwezi. Uliwahi kuwaona wakipiga zile alama? Akauliza akiangalia tenki la pikipiki. Hawa watu wote hawaniangaliagi, na wote wanauliza swali moja.

Nikamwambia subiri.

Matrida yuko mlangoni jikoni. Amesikia yote. Ameniletea tu shati la Jumapili, amelinyoosha, ameliweka kwenye kiti.

Basi. Niandike ndipo nitoke, maana nikitoka bila kuandika nitabadilisha njiani, ni hatua kumi tu na mimi najijua.

Nitamwambia Mseti hivi: nenda kamwambie mama Gati asisaini. Niliwaona. Alama saba, mmoja anashika kopo, wengine wanagombania brashi. Na aliyezitoa ni mimi, siyo giza, siyo bahati mbaya, siyo kamati. Mseti atazima pikipiki hapo. Sijui atafanya nini. Ana haki.

Na kesho, Ijumaa tarehe 29, watoto wakiwa mstarini asubuhi kabla hawajashika ndoo, nitakuwa shuleni. Nitamwambia Boke kwanza, uso kwa uso, kwa jina lake, mbele ya mwalimu mkuu na watoto wote, halafu nitawaambia wao. Mugeta aniite anavyotaka. Florian achukue kofia ya kamati. Wakikubali waende Butiama Jumamosi, nitasimama kwenye meza yao siku nzima, na kila atakayeuliza alama ziko wapi nitamjibu mimi, siyo mtoto.

Pikipiki bado inaunguruma. Amepiga honi mara moja, kwa adabu.

Natoka sasa.